Muulize Analalaje

Kwenye faili la mama mmoja nilikuta neno moja limekwisha kuandikwa kabla sijamwona: nimonia. Aliyeliandika ni mwenzangu wa zamu ya asubuhi, mtu makini kuliko mimi, na nje ya mlango wangu kulikuwa na foleni ya watu arobaini na kitu. Nikaliamini lile neno. Kwa saa kumi na mbili zilizofuata, karibu kila nilichofanya kilikuwa cha kulitetea.

Ilikuwa Aprili 2016, masika, bonde la Kilombero. Nilikuwa tabibu mwenye miaka miwili na ushee kazini, kwenye kituo cha afya chenye leba, maabara ndogo, na mashine moja ya oksijeni iliyokuwa ikigombewa na wodi mbili. Wanaolijua bonde lile wanajua Aprili ilivyo: watu wamehamia mashambani kwenye mpunga, njia zimekuwa tope, na anayeletwa kituoni huwa ameshajaribu kila kitu nyumbani. Huyu mama aliletwa kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na mama mkwe wake. Miaka 24, uzazi wa tatu, safari hii mapacha, siku ya 19 tangu ajifungue. Anakohoa. Anahema. Miguu imejaa.

"Huo ni uvimbe wa uzazi, daktari," mama mkwe aliniambia. "Hata mimi nilivimba hivyo hivyo kwa huyu mwanangu. Kinachotusumbua ni kifua."

Nikashika habari ya kifua. Kifua chenyewe sikukishika vizuri. Mama alikuwa amejifunga kanga mbili, mtoto mmoja ananyonya, mimi kijana wa miaka 27, nikaona haya kumwambia afungue. Nikasikiliza juu ya kanga. Stetoskopu yenyewe inasemekana ilizaliwa kwa haya: mwaka 1816 huko Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba ili amsikilize mgonjwa wa kike ambaye haikuwa adabu kumlazia sikio kifuani. Haya zake yeye zilitupatia chombo. Zangu zilinifanya nisikilize kitambaa.

Hata hivyo mgongoni, chini pande zote mbili, nilisikia mikwaruzo laini, kama mtu anasugua nywele karibu na sikio. Nimonia, nikajisemea, tena ya pande zote mbili. Joto 36.8. Mapigo 126 kwa dakika. Presha 94/62. Oksijeni asilimia 89.

Wewe uliye kazini, hebu zirudie hizo namba, maana mimi sikuzirudia. Mtu anakohoa siku tisa, mapafu yote mawili yana sauti, moyo unakimbia mia na ishirini na sita, na homa hana hata chembe. Nimonia gani hiyo? Swali lilikuwa mbele yangu mezani nikalipita.

Nikamwanzishia seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, gramu moja kwenye mshipa. Kwa kuwa presha ilikuwa chini nikapiga hesabu kwamba amekaukiwa maji, maana hakuwa anakula vizuri na ananyonyesha wawili. Nikatundika lita moja ya Ringer, maji ya dripu, nikaiachia ikimbie. Jioni kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikaongeza salbutamoli, halafu aminofilini, dawa za kufungua kifua cha mwenye pumu. Yaani nilimchukua mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma maji yaliyokwisha kuwamo, nikamwongezea mengine, kisha nikampa dawa mbili za kuukimbiza moyo ambao tayari ulikuwa hoi. Kila hatua, ukiitazama peke yake, nilikuwa na sababu yake. Ndiyo maana naogopa sana siku hizi mtu akiniambia kila alichofanya kilikuwa na sababu.

Sista wa zamu ya usiku aliingia saa mbili. Alikuwa amebakiza miaka kama mitatu kustaafu, mkunga wa siku nyingi, mtu asiyependa maneno. Alizunguka wodi, akarudi kwangu.

"Daktari, yule mama wa mapacha hajalala tangu umlaze."

"Anakohoa, ndiyo maana."

"Hajalala chali, nasema. Amemfanya mama mkwe wake mto."

Nilikwenda kuangalia. Kweli, mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, na mgonjwa ameegemea kifua chake, amekaa wima, macho makavu. Sista akainama. Alichomuuliza hakikuwa cha kitaalamu hata kidogo.

"Mwanangu, nyumbani unalalaje?"

"Silali, mama. Nakaa kwenye kigoda naegemea ukuta. Nikilala nazama."

"Siku ngapi sasa?"

"Wiki imepita."

Nazama. Nimefundishwa darasani majina marefu ya hali ile, na sijapata neno linalolieleza jambo kuliko hilo. Ukilala chali, maji yaliyokuwa yametuama miguuni na tumboni yanarudi kifuani. Moyo mzima unayapokea na kuyasukuma, moyo uliochoka unayaacha yarudi nyuma kwenye mapafu. Mtu anazama kwa maji yake mwenyewe, juu ya kitanda kikavu. Na ile filimbi iliyonidanganya jioni si mali ya pumu peke yake. Njia za hewa zikivimba kwa maji hupiga filimbi ile ile, hata vitabu vya zamani viliita pumu ya moyo. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na pumu, anayeanza "pumu" akiwa na miaka 24 na miguu imejaa, mwanzie kwenye moyo.

Nimesema nilikwenda kuangalia. Ningependa kusema nilichukua hatua papo hapo, ila haikuwa hivyo. Nilisimama pale nikiwaza nitajieleza vipi kuhusu ile lita ya maji. Nadhani ilikuwa dakika nzima. Sista hakunisubiri, alikwishafunga dripu.

Saa nane usiku hali ikawa mbaya kabisa. Kohozi likatoka na povu la rangi ya waridi, oksijeni ikashuka hadi 78. Tulimkalisha pembeni mwa kitanda, miguu ikining'inia chini, tukaichukua mashine ya oksijeni leba kwa ahadi ya kuirudisha, na nikachoma furosemide, dawa ya kukojoza, ile wengi wetu tunayoiita Lasix, miligramu 40 kwenye mshipa, polepole. Tukaweka mpira wa mkojo. Nusu saa, mfuko mtupu. Nikachoma 80. Nilikuwa naiogopa presha yake, 92 juu, lakini Sista alinishikisha miguu ya mgonjwa: bado ilikuwa na joto, na mwenyewe alikuwa anajibu akiulizwa. Mtu wa presha hiyo ambaye ni baridi, ana jasho, amechanganyikiwa, ni habari nyingine, huyo moyo umekata kabisa na anahitaji dawa ambazo kituo kama chetu hakina. Huyu wetu alikuwa na nafasi.

Saa kumi alfajiri mfuko ulikuwa na lita moja na nusu. Saa kumi na moja aliomba uji. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu kiasi kile.

Kulipopambazuka ndipo nikamchunguza kwa mara ya kwanza, namaanisha kumchunguza kweli, kanga imefunguliwa, mama mkwe kashika pazia. Vyote vilikuwepo na vilikuwepo tangu jana. Mshipa wa shingo ulikuwa umejaa hadi karibu na ndewe ya sikio akiwa ameegemea nusu wima. Kwa ngozi zetu nyeusi mshipa ule hauonekani kwa kuangalia tu juu juu. Washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa shingo ili mwanga upite mlazo, utauona unacheza. Ini lilikuwa limeshuka vidole vitatu, linauma ukiligusa. Miguuni nilibonyeza kidole gumba, nikahesabu hadi kumi, shimo likabaki kama kwenye udongo wa kufinyangia. Na moyo wenyewe, kifua kikiwa wazi, haukuwa na mapigo mawili kama yetu bali matatu, kama farasi anayekimbia. Kwenye kanga mbili nilikuwa sikusikia hata yale mawili.

Halafu ikaja barua ya rufaa. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo nitalisema. Nilianza kuandika: "Nimonia kali, hali ilibadilika ghafla usiku." Sista alisoma juu ya bega langu.

"Andika na dripu, mwanangu."

Nikanyamaza.

"Anayempokea akidhani ni mtu aliyekauka, atatundika nyingine."

Nilichana ile karatasi. Kwenye ya pili niliandika kila kitu: saa ngapi nilitundika, mililita ngapi ziliingia kabla haijafungwa, aminofilini kiasi gani, Lasix kiasi gani, mkojo kiasi gani. Baadaye daktari wa hospitali aliyempokea alinipigia simu, nikajiandaa kusutwa. Alitaka tu kujua uzito wake alipofika kwetu. Sikuwa nimempima. Hilo nalo nikalichukua: mgonjwa wa moyo mpime uzito siku ya kwanza na kila siku asubuhi, kwa sababu maji yanaonekana kwenye mizani kabla hayajaonekana miguuni.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Mume alikuja kutoka shambani mchana, matope hadi magotini, akauza mpunga ukiwa bado haujavunwa. Wanaolima wanajua maana yake: mnunuzi anakupa bei anayotaka, karibu nusu ya ambayo ungepata ukisubiri. Mpunga huo ulilipa mafuta, ukalipa chakula cha mama mkwe na mapacha waliomfuata mama yao mkoani, ukalipa nauli ya kwenda Dar es Salaam kufanya eko, kipimo cha kuutazama moyo ukidunda.

Eko ndiyo iliyotoa jina. Moyo mzima, kila ukijikaza, husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyo kwenye chumba chake cha kushoto, asilimia 55 kwenda juu. Wake ulisukuma 25. Ni kadiomiopathi ya uzazi: misuli ya moyo inalegea kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua, bila sababu nyingine inayoonekana. Mapacha, uzazi wa mara nyingi, presha ya mimba, na kuwa mwanamke wa Kiafrika, vyote vinaongeza uwezekano. Kaskazini mwa Nigeria ugonjwa huu ni wa kawaida sana. Miaka ya 1970 madaktari wa Zaria waliandika mengi juu ya wazazi wa Kihausa wanaokogeshwa maji ya moto, kulala kwenye kitanda chenye moto chini yake, na kunywa uji wa kanwa, ambayo ni kama magadi yetu, wakidhani chumvi ile ndiyo inayouzidia moyo. Baadaye wengine wakalitilia shaka. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka uji wa pilipili manga na maji ya moto ya kwetu, nikacheka peke yangu. Wazazi wote wanafanana.

Kinachofanya ugonjwa huu utuponyoke ni kwamba kila dalili yake ina maelezo mengine ya kawaida. Anachoka? Si ana kichanga. Amevimba? Uzazi. Halali? Mtoto analia. Kikohozi? Msimu wa mvua. Kwa hiyo mzazi yeyote ndani ya miezi mitano ya kujifungua anayekuja kwangu kwa kuhema, siku hizi namtafuta moyo kwanza, kisha ndiyo niende kwenye kifua. Hata kliniki ya mtoto nimewaomba manesi wamuulize mama swali moja la ziada wakati mtoto anapimwa uzito.

Swali lenyewe nalo nimelifanyia kazi. Kitabu kinasema muulize mgonjwa analalia mito mingapi. Kijijini kwetu wengi wana mto mmoja, wengine hawana kabisa, wanalalia mkono. Ukiuliza "mito mingapi" unajibiwa "mmoja", unaandika hana shida. Muulize analalaje. Muulize kama huwa anashtuka usiku akitafuta hewa, anafungua mlango, anakaa barazani. Muulize kisimani zamani alikuwa anapumzika mara ngapi akiwa na ndoo, na sasa anapumzika mara ngapi. Mzee mmoja aliniambia analala vizuri sana, mkewe akasema, "Analala vizuri kwenye kiti." Kwa hiyo muulize na mke.

Mama wa mapacha alirudi baada ya wiki nne na mfuko wa dawa: Lasix, enalapril ya kuanzia miligramu 2.5, spironolaktoni, na karvedilol aliyoongezewa maji yalipokwisha kupungua. Kwa mwezi mmoja mambo yakaenda vizuri. Kisha akaja amevimba tena. Muuza duka la dawa alikuwa amemwambia mwenye kunyonyesha hamezi dawa za moyo, akaziacha zote. Alikuwa ameambiwa nusu ya ukweli. Enalapril haifai kwa mjamzito, inamdhuru mtoto tumboni; anayenyonyesha anaweza kuitumia. Kosa lilikuwa letu, kwani wakati wa kumrudisha nyumbani hakuna aliyekaa naye akamwambia ipi ni ya nini na itachukua muda gani. Sasa ninazimwaga dawa mezani, naye ananirudishia kwa maneno yake: hii ya kukojoza, hii ya kuupumzisha moyo, hii usiache hata ukijisikia mzima.

Mazungumzo magumu zaidi yalikuwa ya mimba nyingine. Moyo ambao haujarudi sawasawa, mimba nyingine inaweza kuumaliza. Nilimwita na mumewe. Mama mkwe akaja bila kuitwa. Tuliongea karibu saa nzima, na niliyetegemea angepinga ndiye aliyesaidia: mama mkwe alisema wajukuu watano wanatosha, mkamwana mmoja hapatikani sokoni. Akawekewa kijiti. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni tulivikwepa kwa sababu vinaongeza hatari ya damu kuganda, na moyo uliolegea tayari unaigandisha.

Siku hiyo hiyo niliwaambia habari ya dripu. Sikuwa nimelazimishwa na mtu. Mama alinyamaza. Mumewe akaniuliza, "Kwa hiyo mpunga wangu niliuuza kwa sababu ya dripu yako?" Nikamwambia ugonjwa ulikuwepo kabla yangu na Dar es Salaam wangefika tu, lakini ule usiku, ndiyo, niliuchangia mimi. Alitoka nje. Mwaka mzima tulipokutana njiani alikuwa anaitikia salamu ya wenzangu, yangu anaiacha. Sikumlaumu. Moyo wa mkewe ulipanda hadi asilimia 50 mwaka uliofuata.

Tangu hapo nina tabia moja ambayo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huicheka. Nikipokea faili, naufunika mstari wa jina la ugonjwa kwa kidole gumba, namsikiliza mgonjwa kwanza, kisha ndipo naondoa kidole.

Mwaka 2018 kidole hicho kilinilipa. Aliletwa binti wa miaka 13, darasa la sita, mwenye kadi ya kliniki iliyochakaa. Chini ya kidole palikuwa na neno pumu, limeandikwa na mikono mitatu tofauti katika miaka miwili. Nilimuuliza analalaje. Akasema anakaa. Nilimuuliza kama amewahi kuumwa magoti. Bibi yake akajibu: mwaka juzi goti lilivimba, likapona, ikaja kifundo cha mguu, kikapona, ikaja kiwiko. Walimkanda. Walidhani anakua. Kabla ya hapo koo lilimuuma wiki nzima, akapewa vidonge vinne vya amoksilini kutoka dukani, hela ilipoishia.

Maumivu yanayohama kiungo hadi kiungo kwa mtoto wa shule, baada ya koo, ni homa ya baridi yabisi hadi itakapothibitika vinginevyo. Bakteria wa koo, streptokokasi wa kundi A, wanauchochea mwili ujipige wenyewe. Viungo vinapona vyote, ila valvu za moyo, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, zinabaki na kovu. Wazee wa kazi hii wana msemo kwamba homa ile inalamba viungo na kuung'ata moyo. Nilimlaza ubavu wa kushoto, kifua wazi, nikaweka stetoskopu chini ya titi. Mvumo, sauti ya damu inayovuja, ulikuwa mkubwa, unasikika hadi kwapani. Nilihisi hata kifua kinatetemeka chini ya kiganja changu. Miaka miwili amevuta salbutamoli na hakuna aliyemlaza ubavu.

Yeye alifika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 pale Muhimbili. Zamani mtoto kama huyu angesubiri nafasi ya kupelekwa India. Valvu yake inavuja, bado haijafika pa kupasuliwa, na kazi kubwa ya kuizuia isifike huko ni yetu sisi wa huku chini: sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 1.2, kila wiki nne, kwa miaka na miaka. Wenye valvu zilizoharibika sana wengine wanachomwa hadi umri wa miaka 40.

Sindano ile inauma, tusidanganyane. Dawa ni nzito kama uji, inaziba sindano, na mtoto akichomwa vibaya mara mbili harudi tena mara ya tatu. Nilijifunza kwa gharama ya machozi yake. Chupa isitoke kwenye friji ikachomwa baridi. Ishike kiganjani hadi ipate joto. Badala ya sehemu kidogo ya maji ya kuchanganyia tunaweka lignokaini, dawa ya ganzi. Sukuma polepole, dakika mbili au tatu, huku mnaongea habari za shule. Alale, asichomwe amesimama, na awe amekula na kunywa maji, maana mwenye valvu mbovu akizimia kwa hofu ni hatari kuliko unavyodhani. Na usimwandikie tarehe tu kwenye kadi. Sisi tulipatana naye Alhamisi ya gulio, siku ambayo bibi yake anashuka sokoni kuuza mihogo kwa vyovyote vile, kwa hiyo nauli haiwi hoja.

Presha nitaisema kwa kifupi kwa sababu kila mtu anaiandika, ingawa kosa langu pale lilikuwa baya pengine kuliko yote. Mzee wa miaka 60 na ushee alikuja kupimwa jino, presha ikasoma 214/118. Hakuwa na maumivu ya kichwa, haoni ukungu, kifua salama, mkojo sawa. Nikaingiwa na hofu kwa niaba yake. Nikasaga nifedipini, dawa ya kushusha presha, nikamwekea chini ya ulimi, kama nilivyoona wakubwa wangu wakifanya. Baada ya nusu saa presha ilikuwa 130. Nikajipongeza. Kesho yake asubuhi waliniletea mzee yule mdomo umeenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Ubongo uliozoea presha ya juu kwa miaka ukinyimwa damu ghafla unakufa sehemu. Asiye na dalili za kiungo kuumia hahitaji kushushwa siku hiyo hiyo. Anahitaji vidonge vya kawaida, chumvi ipungue, na aonekane tena baada ya siku chache. Mzee anatembea kwa fimbo sasa. Sijasaga nifedipini tena, na nikiona mtu anaisaga namshika mkono.

Nikaja kugundua pia kwamba hata ile 214 huenda haikuwa yote ya kweli. Kafu, ule mkanda wa kipimo unaofungwa mkononi, tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, ya mkono wa wastani, na mzee yule ni mnene. Kafu ndogo kwenye mkono mnene inapandisha namba. Akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, na wewe usiongee. Pima mara mbili. Tuliomba kafu kubwa kwenye bajeti, ikachukua miezi kumi na moja kufika.

Sista alistaafu 2019. Siku ya kumuaga nilitaka kusema habari ya usiku ule mbele ya watu, akanitazama kwa jicho ambalo nikakaa chini. Anafuga kuku sasa, na bado ananipigia simu akiona mzazi jirani yake anayehema.

Alhamisi iliyopita binti yule wa valvu alikuja peke yake. Ana miaka ya utu uzima sasa, anajifunza ushonaji. Alipanda kitandani mwenyewe, akaniambia bibi amekwenda moja kwa moja kwenye mihogo. Nilikuwa nimeshika chupa kiganjani ipate joto.

"Mara iliyopita ilikuwa kushoto," akasema, akageuka. "Leo kulia. Na usinisimulie habari za shule, nilishamaliza."